Tailizi zako hazijachakaa, zimebeba sabuni: uzi wa usafi na matunzo ya sakafu

Dekio Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa usafi wa nyumba ukifika kwenye sakafu ya tailizi, swali huwa lile lile: "Nipeni dawa kali, sakafu imefubaa." Msimamo wangu nauweka wazi mapema, anayetaka kuupinga aupinge hapa hapa. Tailizi nyingi zinazoonekana zimefubaa hazijachakaa, zimebeba sabuni. Kila unapodeki bila kusuuza, sabuni kidogo inabaki, inakauka, vumbi linanasa humo, na kesho unaweka nyingine juu yake. Dawa kali itaondoa kiasi, halafu na yenyewe itaacha mabaki yake.

Anayetaka uthibitisho achague kigae kimoja kwenye kona ambako watu hawapiti sana. Chukua maji ya moto matupu na kitambaa cheupe, sugua kigae hicho vizuri, kisha kikaushe kabisa. Ukiona povu ilhali hukuweka sabuni, au kigae kimekuwa na rangi tofauti na vya jirani, jibu umeshalipata.

Sababu yake ni hii. Sabuni ya mche ikikutana na maji magumu, yale yenye kalsiamu na magnesi kwa wingi, hutengeneza utando usioyeyuka kwenye maji. Ndio ule unaoganda pembeni mwa beseni la kuogea. Sabuni ya maji ya vyombo haigandi namna hiyo, lakini imetengenezwa itoe povu jingi na isuuzwe kwa maji yanayotiririka, na sakafu hakuna anayeisuuza chini ya bomba. Utando huo unanata kidogo, ndiyo maana mtu anadeki asubuhi na kufika mchana nyayo zote zinaonekana, kisha lawama zinakwenda kwa watoto.

Kabla ya kununua chochote, jua kwanza umetandika nini. Seramiki ya kawaida ni udongo uliochomwa na kupakwa glezi, yaani tabaka jembamba la kioo. Hilo tabaka ndilo unalolisafisha. Udongo wa chini yake hauuoni isipokuwa kigae kimepasuka. Poseleni huchomwa kwenye joto la takriban nyuzi 1,200 za Selsiasi, na kwa viwango vya biashara haipaswi kunyonya maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Vigae vingi vya ukutani hunyonya zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo mtu anayesema tailizi zake za poseleni "zimekunywa uchafu" mara nyingi anaangalia uchafu uliokaa juu tu. Isipokuwa moja: poseleni iliyosuguliwa kiwandani mpaka ikang'aa. Kule kusugua hufungua vitundu vidogo mno, na vitundu hivyo hupokea uchafu.

Marumaru ya jiwe halisi, chokaa ngumu na travatini ni habari nyingine kabisa. Hayo ni kalsiamu kaboneti, na asidi yoyote, hata ya ndimu, huyala. Ile alama nyeupe inayobaki chini ya glasi ya juisi kwenye marumaru si doa, ni sehemu ya jiwe iliyoyeyuka, na hakuna sabuni itakayoirudisha. Dawa yake ni fundi wa kusugua mawe na mashine yake. Kama hujui ulichonacho ni jiwe au kigae cha kiwandani, tafuta mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya kabati, na udondoshe tone moja la siki. Likitoa vipovu, funga kabisa habari ya siki, ndimu na dawa ya choo kwenye sakafu hiyo.

Sasa kudeki kwenyewe. Hatua kubwa kuliko zote inafanyika kabla ya maji: kufagia. Mchanga una chembe za kwazi, na kwazi ni ya 7 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu kinachoishia 10. Glezi nyingi ziko chini ya hapo. Ukiburuta dekio lenye mchanga ndani yake unapiga msasa sakafu yako, na tailizi zinazong'aa ndizo zinazoonyesha mikwaruzo mapema. Fagia kwa ufagio laini, pitisha mpaka kwenye kona na chini ya skatingi, yaani ule ukanda wa chini ya ukuta. Weka kizulia nje ya mlango na kingine ndani. Kizulia kinachofuliwa mara kwa mara kinatunza tailizi kuliko dawa yoyote iliyo dukani.

Halafu ndoo mbili: moja ya maji yenye dawa kidogo, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia dekio. Dekio chafu linasuuzwa kwenye ndoo ya pili, linakamuliwa, ndipo linarudi kwenye ya kwanza. Anayetumia ndoo moja, kuanzia chumba cha pili anapaka sakafu maji machafu. Kiasi cha dawa kiwe kidogo kuliko unavyodhani; kijiko kimoja cha sabuni laini isiyo na asidi wala magadi kinatosha ndoo nzima. Povu likianza kuonekana sakafuni, umezidisha. Anza kona ya mbali ukirudi mlangoni, badilisha maji yakianza kuwa meusi, na mwisho pitisha maji matupu. Ukiweza, kausha kwa kitambaa kikavu. Kwenye tailizi za rangi nyeusi zinazong'aa, kukausha si anasa, maana michirizi unayoiona ni chumvi za maji zilizobaki baada ya maji kukauka yenyewe.

Kuondoa tabaka la sabuni la zamani kunahitaji uvumilivu. Maji ya moto, brashi ya nailoni, eneo dogo dogo, na kila mara kunyonya maji machafu kwa kitambaa kabla hayajakauka. Usimwage maji chumba kizima. Rudia siku nyingine kama tabaka ni nene.

Stili waya msiiguse. Inakwaruza, na vipande vyake vinavyobaki kwenye mistari vinashika kutu na kuacha madoa ya rangi ya kahawia. Mafuta ya taa na mafuta ya kupikia "ili ing'ae" pia hapana. Moja linawaka moto, yote mawili yanateleza.

Karibuni tujadili.

Ua la Uani

Asante sana mkuu, nimejifunza. Mimi tailizi zenyewe hazinisumbui, ni ile mistari ya katikati. Ilikuwa ya kijivu nyepesi, sasa jikoni ni nyeusi kabisa, na nikisugua inatoa kama unga. Nimeshauriwa nimwagie dawa ya choo. Nisaidie kabla sijafanya.

Dekio Kavu

Dada, usimwage, tafadhali.

Mistari hiyo ni grauti, na grauti ya kawaida ni saruji, mchanga mwembamba na viungio vingine. Ina vinyweleo, kwa hiyo inanyonya maji ya kudekia pamoja na kila kilichomo. Dawa nyingi kali za choo zina asidi ya hidrokloriki, na asidi hula saruji. Mara ya kwanza mstari utang'aa, kwa sababu umevua ngozi yake ya juu pamoja na uchafu. Baada ya hapo unabaki na grauti iliyochimbika, yenye vitundu vikubwa zaidi, inayonyonya uchafu kuliko mwanzo. Huo unga unaouona unaniambia inawezekana kuna aliyeshapitisha asidi hapo, au grauti ilichanganywa na maji mengi tangu mwanzo.

Jikoni weusi wa mistari kwa kawaida ni mafuta yaliyochanganyika na vumbi. Tafuta unga wa kung'arishia nguo wa aina ya oksijeni, ule ambao kwenye pakiti umeandikwa sodiamu pakaboneti, usio na klorini. Ukiyeyuka kwenye maji ya moto hutoa haidrojeni peroksaidi na magadi. Magadi yanashughulika na mafuta, peroksaidi inashughulika na rangi ya doa. Changanya kiasi cha kutumia wakati huo huo, vaa glavu, mwaga kwenye mistari mpaka ilowe, kisha uache kama robo saa bila kugusa. Watu hukosea hapa: wanaanza kusugua mara moja na kutumia nguvu badala ya kuipa dawa muda. Baada ya hapo sugua polepole kwa brashi nyembamba ya nailoni, nyonya maji kwa kitambaa, suuza mara mbili. Ikibaki kwenye chupa usifunge kifuniko na kuiweka kabatini, maana inaendelea kutoa gesi na chupa inaweza kupasuka.

Subiri ikauke kabisa ndipo uhukumu rangi, kwa kuwa grauti yenye maji huonekana nyeusi hata ikiwa safi.

Fundi Kiwango

Nimetandika tailizi kwa muda mrefu, naomba niongeze na kupinga kidogo.

Mwanzisha uzi yuko sahihi kuhusu dawa ya choo. Lakini asidi ina mahali pake pa kutumika. Nyumba mpya ikikabidhiwa, mara nyingi tailizi zina ukungu mweupe ambao mwenye nyumba anadeki wiki nzima hautoki. Huo si uchafu wala sabuni, ni utando wa grauti ambao fundi hakuufuta vizuri siku ya kazi. Ukiwahi ndani ya siku moja au mbili, kitambaa chenye unyevu na brashi ngumu ya plastiki vinautoa. Ukishakomaa, unahitaji dawa maalumu ya kuondoa utando wa saruji, nyingi zikiwa na asidi ya salfamiki.

Na hapo kuna utaratibu. Subiri grauti ikomae, wiki moja hadi mbili kufuatana na maelekezo ya mtengenezaji wake. Lowesha mistari kwa maji matupu kwanza, ili vinyweleo vijae maji na asidi isipate nafasi ya kuingia. Paka dawa, isikae zaidi ya muda ulioandikwa, sugua, suuza kwa maji mengi. Na yote hayo ni kwa seramiki na poseleni tu. Kwenye marumaru sitii mkono hata kwa kubembelezwa.

Kuhusu siki ya kudekia kila siku ambayo watu wanaipenda: kwa seramiki yenye glezi haiumizi kigae, ila inatafuna grauti taratibu. Mara moja kuondoa utando wa chokaa bafuni, ukalowesha mistari na kusuuza vizuri, sina neno. Kila siku, hapana. Na wale wanaochanganya siki na bikaboneti ya soda kwenye ndoo moja wakifurahia mchemko wake, mchemko ule ni kaboni dayoksaidi inayotoka wakati asidi na alkali zinauana. Kinachobaki ndooni ni maji ya chumvi ambayo hayasafishi kuliko maji matupu. Tumia kimoja, kwa kazi yake.

Dekio Kavu

Fundi, hilo la utando wa saruji nalipokea. Sikuligusa kwa sababu nilikuwa nawaza sakafu zinazokaliwa tayari, na nyumba mpya zina mambo yake.

Mpangaji wa Juu

Mbona hakuna aliyetaja klorini ya maji? Kwetu bafuni tunamwaga klorini, ikishindikana tunafuatisha dawa ya choo hapo hapo. Mistari inakuwa myeupe safi.

Kemia ya Nyumbani

Mkuu Mpangaji, nakuomba sana uache hilo kuanzia leo, na kila anayesoma alisome taratibu.

Klorini ya maji ya kung'arishia ni sodiamu haipokloriti. Ikikutana na asidi, iwe ya dawa ya choo, iwe siki au ndimu, inatoa gesi ya klorini. Ni gesi hiyo hiyo iliyofunguliwa kutoka kwenye mitungi huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915 kama silaha ya vita. Bafuni ni chumba kidogo, mara nyingi kina dirisha moja, na mtu ameinama uso ukiwa karibu na sakafu. Gesi ya klorini ni nzito kuliko hewa, inakaa chini pale pale ulipoinamia. Inachoma macho, koo na mapafu, na madhara ya mapafu yanaweza kuzidi saa kadhaa baadaye wakati unadhani umepona.

Kuchanganya klorini na dawa za vioo zenye amonia nako ni hatari. Kunatoa gesi za kloramini. Mkojo nao una yurea inayogeuka amonia, kwa hiyo hata sakafu ya choo isuuzwe kwa maji kabla ya kupakwa klorini. "Kufuatisha" ni sawa na kuchanganya, kwa sababu dawa ya kwanza bado iko kwenye vinyweleo vya grauti.

Ikitokea umechanganya na umesikia harufu kali inayokaba, usibaki kuokoa ndoo. Toka nje, waondoe watoto, acha mlango na madirisha wazi, usirudi mpaka hewa imebadilika. Kikohozi kikiendelea au pumzi ikibana, nenda hospitali ukawaambie ulichanganya nini na nini.

Klorini yenyewe, peke yake, ikiwa imepunguzwa kwa maji na kusuuzwa, inaua kuvu kwenye grauti nyeupe. Grauti ya rangi inaifubaza kwa mabaka. Na kuvu wa bafuni atarudi tu kama chumba hakipati hewa, kwa sababu chakula chake ni unyevu na mabaki ya sabuni ukutani.

Jambo la mwisho kwangu: soma lebo za dawa za kuondoa kutu. Zipo zenye asidi ya hidrofloriki au chumvi zake. Asidi hiyo hula kioo, na glezi ni kioo. Kigae kitabaki na doa lisilong'aa maisha yake yote, na kwa ngozi ya binadamu ni hatari kuliko inavyoonekana, maana inapenya ndani kabla hujahisi maumivu.

Mpangaji wa Juu

Nimesoma mara mbili. Ahsante sana, nimeacha, na nimewaambia wote wa nyumbani.

Swali langu lingine kwa Fundi: sebuleni karibu na mlango wa nje kuna unga mweupe unatokea kwenye mistari. Nafuta, baada ya siku chache umerudi. Si sabuni, nimejaribu kile kipimo cha maji ya moto.

Fundi Kiwango

Hizo ni chumvi, mkuu. Maji yanaingia chini ya tailizi, yanayeyusha chumvi zilizomo kwenye saruji na zege, yanapanda nazo kwenye grauti, yanakauka, chumvi inabaki juu. Ukiifuta kwa maji unairudisha ndani pamoja na maji mapya. Ifagie ikiwa kavu kwa brashi, uikusanye, uitupe.

Kisha tafuta maji yanatoka wapi. Karibu na mlango wa nje, angalia kama kizingiti kina mwinamo wa kutoa maji nje, kama maji ya mvua yanasimama ukutani, kama kuna bomba linalopita chini. Usipake dawa ya kuziba juu ya grauti wakati chini bado kuna maji; utayafungia humo na tailizi zitaanza kuachia. Kwa nyumba mpya hali hii hupungua yenyewe kadiri zege linavyokauka.

Nyumba ya Kona

Wakuu, mimi baadhi ya tailizi zangu nikigonga zinalia kama kuna uwazi chini. Mbili zimeinuka zikagusana kama hema. Nizijaze grauti?

Fundi Kiwango

Grauti haishikilii kigae, inaziba nafasi tu. Kinachoshikilia ni gundi au saruji ya chini. Sauti ya uwazi maana yake sehemu hiyo haikushika: ama fundi alipaka mafungu mafungu badala ya kueneza kwa mwiko wa meno, ama mgongo wa kigae ulikuwa na vumbi, ama gundi ilianza kukauka kabla kigae hakijawekwa.

Kigae kinacholia lakini hakichezi na mstari wake haujapasuka, kiache. Usikiangushie vitu vizito, wala usiweke mguu wa kabati katikati yake. Hivyo viwili vilivyoinuka ni tatizo la nafasi. Sakafu hutanuka na kusinyaa kwa joto na unyevu, na kama vigae vimesukumwa mpaka ukutani bila kuachiwa upenyo, havina pa kwenda ila juu. Vitolewe, saruji ya zamani isafishwe mpaka chini, vibandikwe upya, na upenyo uachwe pembeni mwa chumba ufichwe na skatingi. Pale sakafu inapokutana na ukuta bafuni, na kuzunguka sinki, weka silikoni badala ya grauti. Grauti ni ngumu, kwenye kona itapasuka tu na maji yatapita.

Kama una vigae vya akiba, angalia namba ya toleo kwenye boksi kabla ya kuvitumia. Rangi na ukubwa hutofautiana kidogo toleo kwa toleo, na sakafuni tofauti hiyo huonekana. Anayejenga sasa hivi anunue boksi la ziada la toleo hilo hilo na alihifadhi.

Dada Ua la Uani, kwako wewe ambaye grauti inatoa unga: kama baada ya kusafisha bado inapukutika, usihangaike kuipaka kitu. Ikwanguliwe angalau theluthi mbili ya unene wa kigae, mavumbi yanyonywe, iwekwe mpya. Mistari mipana kuliko milimita 3 inataka grauti yenye mchanga, myembamba inataka isiyo na mchanga. Maji ya kuichanganyia yawe kwa kipimo cha pakiti.

Ua la Uani

Nashukuru fundi. Na ile dawa ya kuziba grauti, niweke lini? Na je, nipake sakafu nzima?

Fundi Kiwango

Grauti mpya iache ikomae kama ilivyoandikwa kwenye pakiti yake, kwa kawaida si chini ya siku 3. Ya zamani isafishwe na ikauke kabisa, usiku mzima au zaidi. Dawa nzuri ni ile inayopenya ndani, si ile inayoacha ngozi juu. Ipake kwenye mstari kwa brashi ndogo, na itakayodondoka juu ya kigae chenye glezi uifute kabla haijakauka, kwa sababu kigae hicho hakiinyonyi na itabaki utando wenye michirizi. Kwa hiyo hapana, si sakafu nzima, labda uwe na jiwe halisi. Grauti ya epoksi, ile ya gundi ngumu badala ya saruji, nayo haihitaji.

Kujua kama dawa bado inafanya kazi, dondosha maji kwenye mstari. Yakisimama kama tone, bado ipo. Yakinywewa na mstari ukawa mweusi ndani ya dakika chache, paka tena. Jikoni mbele ya jiko na bafuni huisha mapema kuliko vyumbani, kwa hiyo pima sehemu hizo peke yake.

Dekio Kavu

Na ukishaipaka, Dada, rudi kwenye sabuni laini. Magadi makali na mashine za mvuke zikitumika kila mara zinaimaliza haraka. Mvuke uweke kwa kazi maalumu, kwenye mistari iliyo mizima isiyo na nyufa.